Nyumba ya Mzazi Mmoja: Tulinde Nini Kwanza Misaada Inapopungua?

Hotuba ya mwalimu mkimbizi kwenye maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, kambi ya Rwamwanja, Uganda

 

Siku hii ya Juni 20 iliwekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2000, ikaanza kuadhimishwa mwaka 2001, miaka 50 baada ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Kila mwaka siku hii tunaimba, tunacheza ngoma, na tunasikia hotuba za shukrani. Shukrani ni haki yake. Lakini kamati imeniomba mwaka huu nizungumze juu ya jambo ambalo akina mama wengi wananiletea mlangoni mwa darasa: mtu afanye nini anapolea watoto peke yake, na msaada wa nyumba na wa posho umepungua? Mimi ni mwalimu, nilisomea kazi hiyo katika chuo cha ualimu huko Kivu, na mimi pia ninalea watoto watatu bila baba yao. Nitasema kama mwalimu anavyosema, kwa mpangilio, na mtanivumilia nikitumia hesabu.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Rwamwanja ilifunguliwa tena mwaka 2012, vita vya Kivu ya Kaskazini vilipotumwaga upande huu wa mpaka. Aliyefika alipewa kiwanja, shitingi, miti ya kujengea, panga, jembe, blanketi, sufuria na jerikani. Posho ilikuja kila mwezi. Wengi tulifikiri ni jambo la mwaka mmoja, miwili. Halafu mambo yakabadilika. Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza posho ya wakimbizi Uganda kwa asilimia 30. Februari 2021 punguzo likafika asilimia 40. Julai 2023 tukagawanywa katika makundi matatu: wenye shida zaidi, wenye shida ya kati, na kundi la tatu ambalo liliachishwa posho. Mei 2025, fedha za wafadhili zilipokatika, watu karibu milioni moja nchini Uganda waliondolewa kwenye msaada wa chakula. Na msaada wa kujengewa au kutengenezewa nyumba, ambao wazee, walemavu na wazazi wa peke yao walikuwa wakiutegemea, hauwafikii wote wanaouhitaji.

Mtu anaweza kuuliza: mwalimu, wewe umeombwa kusema juu ya nyumba, mbona unataja posho? Ninaitaja kwa sababu katika kambi hii paa linanunuliwa na posho. Yule mama aliyekuwa akipata chakula cha kutosha aliuza debe moja la mahindi yake akanunua misumari, au alimlipa kijana apande juu aezeke nyasi. Posho ikipungua, debe lile linaingia chunguni. Paa linangoja. Mvua haingoji.

Sasa twende kwenye hesabu. Chukueni nyumba mbili, kila moja ina watoto wanne. Nyumba ya kwanza ina baba na mama. Baba akienda lejaleja kwenye shamba la mtu, mama anabaki nyumbani, anateka maji, anapika, anaziba tundu la ukuta. Kesho wanabadilishana. Nyumba ya pili ina mama tu. Siku anayokwenda lejaleja hakuna mtu mzima nyumbani. Siku anayotengeneza nyumba hakuna fedha. Siku ya kwenda kupanga foleni ya msaada hakuna fedha wala hakuna nyumba iliyotengenezwa. Kwenye karatasi nyumba hizi mbili zimetofautiana kwa mtu mmoja. Katika maisha, ile ya pili imepoteza nusu ya mikono yake na nusu ya saa zake, na midomo imebaki karibu ile ile. Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana. Ninaongeza kwamba mkono mmoja hauezeki paa pia, kwa sababu yuko wa kupanda juu na yuko wa kumrushia nyasi kutoka chini.

Hilo ndilo ninalotaka mlibebe kutoka hapa leo. Msaada ukipungua, mzazi wa peke yake anapungukiwa fedha kama sisi sote, lakini kinachomwangusha zaidi ni ukosefu wa mikono na wa saa. Fedha hatuwezi kuzitengeneza hapa uwanjani. Mikono tunayo.

Ninayaona matokeo yake darasani. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, ninajua kabla ya kuita majina ni watoto gani hawatakuwepo. Wamelala wamekaa, wamejikunyata kwenye kona isiyovuja. Madaftari yamelowa, wino umeyeyuka. Na mara nyingi anayekosa shule kuliko wote ni binti wa kwanza. Huyo ndiye aliyekuwa mikono ya pili ya mama yake. Ana miaka 11 au 12, na tayari ni mzazi. Tukisema nyumba inavuja, tujue kwamba na shule ya mtoto huyo inavuja.

Kwa hiyo tulinde nini kwanza? Ninajibu: paa, kabla ya mvua. Hali ya hewa ya huku mnaijua. Tuna masika ya Machi hadi Mei, na tuna mvua za pili zinazorudi kuanzia Agosti na Septemba. Leo ni Juni. Kati ya leo na mvua zile tuna kama miezi miwili ya ukavu. Ndiyo miezi ya kukata nyasi, ya kufyatua tofali na kuzikausha, na ndiyo miezi ya kuvuna mahindi. Nyumba inayovuja inakula na mavuno pia, kwa kuwa mahindi yakilowa yanaota ukungu, na ukungu ule una sumu inayodhuru ini. Anayeuza mahindi yote Julai bila kutenga kitu kwa paa, Oktoba atanunua mahindi kwa bei ya juu ayaweke katika nyumba yenye maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Juu ya shitingi, wengi hudhani ukiipata moja umepata nyumba. Shitingi ya UNHCR ina mita 4 kwa mita 5, yaani mita 20 za mraba. Mashirika yana kipimo chao kwamba mtu mmoja anahitaji angalau mita 3.5 za mraba za kulala na kukaa. Familia ya watu watano inahitaji basi mita 17.5. Ukiangalia haraka utasema shitingi inatosha na inabaki. Lakini paa lina mteremko, na mteremko unakula shitingi. Jenga nyumba ya mita 3.5 kwa 5, uiezeke kwa shitingi moja, na utaona shitingi inaishia pale pale ukuta unapoishia. Hakuna ukingo wa kutupa maji mbali. Maji yanashuka kwenye ukuta wa udongo, na ukuta wa udongo unaolowa kila siku utaanguka.

Dawa yake iko. Weka shitingi chini, na nyasi juu yake. Nyasi zinaikinga shitingi na jua, maana jua ndilo linaloichana kabla ya wakati wake, na shitingi inazuia yale maji ambayo nyasi zimeyaachia. Halafu acha nyasi zitoke nje ya ukuta, urefu wa mkono wa mtu mzima kutoka kiganja hadi kiwiko, au zaidi. Chimba mfereji mdogo kuzunguka nyumba, na uuelekeze mbali na jirani. Inua sakafu ndani iwe juu kuliko ardhi ya nje. Siriba ukuta kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe au majivu, na urudie kabla ya kila msimu wa mvua. Ncha ya mti inayoingia ardhini ichomwe kidogo motoni hadi iwe nyeusi, ili mchwa wachelewe. Na tofali tukaushe kwa jua, tusichome tanuri, kwa sababu miti ya eneo hili imekwisha na wenyeji wanatuangalia. Katika yote niliyoyataja kitu kinachohitaji fedha ni kidogo sana. Kinachohitajika ni watu watatu au wanne kwa siku mbili.

Yapo pia mambo ambayo shida inayanong'oneza sikioni, na tusiyasikilize. La kwanza ni kuuza kiwanja au kukodisha nusu yake. Kanuni za Wakimbizi za Uganda za mwaka 2010 zinaturuhusu kuitumia ardhi tuliyopewa pamoja na familia, lakini hatuna ruhusa ya kuiuza wala kuikodisha. Mama akiuza anapoteza mahali pa kulima, na akidhulumiwa na mnunuzi hana pa kushtaki. La pili ni kuweka karata ya familia rehani dukani. Mwenye duka anakupa kilo chache leo, naye anakula posho yako miezi inayofuata. La tatu ni kumwoza binti ili mdomo upungue. Katiba ya Uganda inasema ndoa ni kuanzia miaka 18. Na ukiangalia vizuri, binti huyo mara nyingi anarudi baada ya miaka miwili akiwa na mtoto mgongoni, naye ni mzazi wa peke yake. Tutakuwa tumeipanda shida ile ile mara ya pili.

Kuna jambo la karatasi ambalo wengi wanaliacha. Mume amerudi Kongo, au amekwenda Kampala kutafuta kazi, mwaka wa pili hana habari. Jina lake bado limo kwenye hati ya familia. Mama anaona aibu kwenda kusema. Lakini karatasi inaendelea kusema kwamba nyumba ile ina watu wazima wawili wenye nguvu, na anayesoma karatasi ataamini karatasi. Nendeni mkasahihishe. Kadhalika mtoto aliyezaliwa aandikishwe, ulemavu na ugonjwa wa muda mrefu uandikwe, na cheti cha hospitali kitunzwe mahali pakavu. Aliyewekwa katika kundi lisilolingana na hali yake apeleke malalamiko kwa utaratibu uliopo, aombe namba ya lalamiko lake, na airudie. Asiyejua kuandika aje shuleni baada ya saa tisa, sisi walimu tutamwandikia bila malipo.

Sasa nije kwenye pendekezo lenyewe, ambalo kamati imelikubali na linahitaji watu. Sisi tuliotoka Kongo tunaijua salongo. Tuliifanya kwenye barabara na kwenye vyanzo vya maji, wengine tuliifanya kwa kulazimishwa. Hii ninayoisema ni ya hiari. Kila kijiji kigawanyike katika vikundi vya nyumba kumi kumi. Kila Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, kikundi kitengeneze nyumba moja. Kwa wiki kumi nyumba zote kumi zimepitiwa, na tutakuwa tumefika mwisho wa Agosti. Nyumba ya kwanza iwe ile inayovuja zaidi, isiwe ya shemeji wa mwenyekiti. Orodha isomwe mbele ya watu, na iandikwe katika daftari linaloshikwa na wawili, mwanamume na mwanamke.

Mzazi wa peke yake asihesabiwe katika salongo hii kama mtu wa kuhurumiwa. Yeye naye anatoa siku yake. Asiyeweza kupanda juu atapika, atateka maji, atakanda udongo, atalinda watoto wa wenzake waliopanda. Na akina baba wanaolea peke yao wapo, ingawa hawasemi. Mzee aliyefiwa na mke naye aje, atuambie ni nani atamfulia na kumchania nywele binti yake mdogo siku anapokuwa shambani. Hiyo pia ni salongo.

Nitasema neno moja zito mbele ya wazee na mbele ya wageni, mnisamehe, lakini likifichwa linaoza. Kuna mama anayeogopa kumwomba mwanamume aje kumtengenezea paa, kwa sababu anajua malipo yatakayodaiwa usiku. Kuna anayeogopa kumwuliza mtu wa orodha kwa nini jina lake halipo, kwa sababu ile ile. Hiyo ni dhuluma. Msaada wowote, uwe wa shirika au wa jirani, haulipiwi kwa fedha ya chini ya meza wala kwa mwili wa mtu. Ndiyo maana kazi yetu itafanywa mchana, watu kumi kwa pamoja, na kila kikundi kitakuwa na mama kiongozi. Atakayedaiwa kitu aseme kwa mama kiongozi, au kwa ofisi ya ulinzi, au kwa polisi, na sisi wengine tusimwulize alikuwa amevaa nini.

Pamoja na salongo, tuendeleze likirimba. Nyumba kumi zikitoa shilingi 2,000 kila wiki, ni 20,000 kwa wiki, na baada ya wiki kumi kila mmoja ameshika 20,000 mara moja. Fedha hiyo inanunua misumari, kamba na mlango, vitu ambavyo 2,000 peke yake haivifikii, kwa sababu inaishia kwenye sabuni na chumvi. Asiyeweza 2,000 ajiunge na kikundi cha 500. Zamu ya kupokea ifuate zamu ya salongo, ili fedha na mikono vifike nyumba ile ile wiki ile ile.

Ndugu zetu wa mashirika, kwenu nina maombi matatu, na ninayaleta kwa heshima. Ombi la kwanza: mnapojua kwamba kitu kitapunguzwa, tuambieni kabla ya msimu wa kupanda na kabla ya mvua, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za hapa. Aliyeambiwa Februari anaweza kupanda zaidi. Aliyeambiwa siku ya ugawaji anaweza kulia tu. Ombi la pili: mnapogawa miti na shitingi bila mtu wa kujenga, mzazi wa peke yake mnampa mzigo. Kabla ya kugawa, ulizeni kamati ni nyumba gani zina mikono, ili salongo na vifaa vikutane. Ombi la tatu: foleni ya siku nzima ni siku ya kazi iliyopotea. Mwenye mtoto mgongoni apitishwe mapema. Hilo halihitaji bajeti yoyote.

Nanyi wazazi wenzangu mnaolea peke yenu, waambieni watoto ukweli. Mtoto wa miaka 8 akielezwa kwamba mwezi huu tutakula mara moja kwa sababu posho imekatwa, anaelewa. Asipoelezwa, atadhani mama amekasirika naye. Mpangieni kazi anazoziweza, na shule isiwe kati ya vitu vya kukatwa. Mkikwama kabisa, mtume mtoto hata akiwa amechelewa, hata bila sare. Mlango wa darasa langu haufungwi kwa sababu hiyo.

Karatasi za kuandikisha vikundi ziko mezani kwa katibu wa kamati, upande wangu wa kuume. Tunahitaji kila kijiji kilete majina ya nyumba kumi kumi kabla ya Ijumaa, na kila kikundi kitaje mama kiongozi wake. Wanaoishi karibu na bonde waanze kukata nyasi wiki hii, kwa sababu zikikauka sana zinavunjika. Kazi ya kwanza itaanza Jumamosi, saa mbili asubuhi. Njoo na panga lako, na kama huna panga, njoo na jerikani ya maji.